Sima inalaumiwa, maji yanaponyoka: kwa nini betoni ya miji ya mashariki inakosa nguvu

Kila mara ukuta unapoanguka ao dale inapopasuka katika Bukavu, Goma, Uvira ao Butembo, hukumu inatoka haraka: "Ile sima ni mubaya." Wengine wanasema ya Uganda ndiyo ya kweli, wengine ya Rwanda, na kule Uvira na Kalemie mutu anaweza kuapa kama hakuna yenye kupita ile ya Tanzania yenye kuvuka ziwa. Mabishano yanaendelea mpaka magaribi. Mara chache sana mutu anauliza swali lingine, lenye halina bendera ya inchi yoyote: siku ile walipomwanga betoni, walitia bido ngapi za maji kwa mufuko mumoja?

Swali hilo ni la kila mukaaji. Mashariki ya Congo ni eneo la matetemeko. Tarehe 24 Oktoba 2002 ardhi ilitetemeka Kalehe kwa kipimo cha 6,2. Tarehe 5 Desemba 2005 ikawa Ziwa Tanganyika, 6,8, na nyumba zikaharibika Kalemie. Jumapili asubuhi, tarehe 3 Februari 2008, ikawa Bukavu na ngambo ya Ruzizi, 5,9, watu wakakufa pande zote mbili za mupaka. Mwezi wa tano 2021, nyuma ya Nyiragongo kulipuka, Goma ilitikiswa siku baada ya siku na nyumba zikapasuka. Wakati huohuo, nyumba za orofa zinaongezeka juu ya milima yenye kuteleza, na masomo, masoko na madaraja vinajengwa kwa pesa ya watu wote. Nguvu ya betoni si jambo la mainjinia peke yao.

Bido moja na robo, ao bido mbili

Sima haikauki tu kama udongo. Inashikana. Unga wa sima na maji vinafanya kazi pamoja na kuzaa kitu kipya, kigumu sawa jiwe, chenye kufunga muchanga na graviye. Lakini hiyo kazi inahitaji maji kidogo kuliko watu wengi wanavyofikiri. Mufuko wa kilo 50 unaingiza ndani ya jiwe lake karibu litre 12 tu. Ukihesabu na maji yenye kubaki yamenaswa ndani ya vitundu vidogo kabisa vya sima yenyewe, unafika karibu litre 20. Maji yote yenye kupita hapo ni ya kulainisha kazi: ili betoni ishuke vizuri katikati ya vyuma, ijaze kofraji, isiache mashimo.

Shida ni kwamba maji ya ziada hayapotei bure. Siku ile yanachukua nafasi ndani ya betoni. Kisha yanatoka polepole, na mahali yalikuwa panabaki tupu. Nguzo inaonekana imejaa, lakini ndani yake kuna matundu mengi yenye jicho haliwezi kuona. Maji yakiwa mengi, matundu yanakuwa mengi, na nguvu inashuka.

Jambo hilo si siri mupya. Mufaransa René Féret alilionyesha mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1918, Duff Abrams, mwenye kufanya kazi katika laboratware ya Chicago, alilipatia sura yenye mainjinia wa dunia yote wanafuata mpaka leo: kama betoni imeshindiliwa vizuri na vitu vingine havibadilike, nguvu yake inaongozwa na uzito wa maji ukigawanywa na uzito wa sima. Wanafunzi wa ujenzi wa Congo wanajua hesabu nyingine ya namna hiyo, ile ya Bolomey, injinia wa Uswisi.

Tuchukue sima ya 42,5 na graviye ya kawaida, kisha tufanye hiyo hesabu kwa mufuko mumoja wa kilo 50.

Ukitia litre 25 za maji, ni kusema bido moja ya litre 20 na robo yake, uwiano ni 0,5. Nyuma ya siku 28 unangojea karibu megapaskali 34. Megapaskali moja ni karibu kilo 10 zenye kukaa juu ya kila santimetre mraba.

Ukitia litre 30, unashuka kwenye 26.

Ukitia litre 35, unafika 21.

Ukitia litre 40, ni kusema bido mbili kamili, unabaki na 17.

Namba za kweli za shantie zinaweza kupanda ao kushuka kidogo kufuatana na sima na mawe, lakini mwendo ni huo. Kutoka bido moja na robo mpaka bido mbili, nusu ya nguvu imeenda. Sima ni ileile, mufuko ni uleule, bei ni ileile. Mwenye nyumba amelipa mufuko muzima na akapata nusu ya kazi yake.

Mipango mingi ya nyumba za orofa inachorwa kwa kufikiri kama betoni itafikisha megapaskali 25. Kwa hesabu hii, ile ya bido mbili haifike hata karibu. Na kama sima ni ya 32,5, yenye watu wengi wanatumia kwa kila kitu juu bei yake ni ndogo, shimo ni refu zaidi.

Kwa nini masoni anaongeza maji

Ingekuwa rahisi kusema masoni ni mwizi ao ni mujinga. Mara nyingi si hivyo. Shantie nyingi zinakoroga betoni kwa mikono, chini, bila mashine. Betoni ngumu inavunja mugongo. Hakuna mashine ya kuitetemesha ndani ya kofraji, kuna chuma tu cha kuchomachoma. Vyuma vimebanana. Vijana wanalipwa kwa siku, na siku inaisha. Hapo sauti inatoka: "Ongeza mayi kidogo, iteleze." Hiyo "kidogo" haipimwi. Inamwangwa.

Na masoni ana haki katika jambo moja: betoni kavu sana ni mubaya vilevile. Ikikosa kujaza kofraji, inaacha viota vya graviye na hewa katikati. Hewa ya asilimia 5 tu yenye kubaki ndani inaweza kuondoa karibu asilimia 30 ya nguvu. Kwa hiyo dawa si kukataza maji na kwenda zako. Dawa ni kulainisha betoni bila kuvunja uwiano.

Njia ziko tatu. Ya kwanza: kama unataka kuongeza maji, ongeza na sima. Kwa uwiano wa 0,5, kila litre moja inaomba kilo mbili. Ya pili: kutumia dawa ya kulainisha, ile mainjinia wanaita plastifia, yenye kufanya betoni iteleze na maji kidogo. Ya tatu, yenye kuomba nguvu tu: kuchagua graviye yenye vipimo mbalimbali, safi, bila vumbi na udongo. Vumbi linakunywa maji, na kila litre yenye vumbi limekunywa, masoni atairudisha na bido.

Mvua ya muchanga, kiu ya jiwe la volkano

Kuna maji mengine yenye hayapiti ndani ya bido. Muchanga wenye kulala inje wakati wa mvua unaleta maji yake. Kwa betoni ya dozaji 350, ile yenye mifuko saba kwa metre kibe moja, kila mufuko unatembea na karibu kilo 90 mpaka 100 za muchanga. Kama huo muchanga uko na asilimia 5 ya maji, ni karibu litre 5 zenye kuingia bila mutu kuziona. Masoni mwenye kutia litre 25 kama juzi wakati wa jua, leo ametia 30. Kutoka 34 ameshuka 26, na hakubadilisha kitu.

Kwa hiyo kipimo cha bido peke yake hakitoshi. Mutu anayejua kazi anakamata muchanga mukononi na kuufinya. Ukibaki umeshikana sawa mupira na kuacha mukono na maji, anapunguza bido.

Goma iko na shida ya upande mwingine. Tangu lava ya tarehe 17 Januari 2002 iliyofunika katikati ya muji, watu wamejenga juu ya jiwe na kwa jiwe. Graviye yenye wamama wanavunja kwa nyundo kando ya barabara ni jiwe la volkano, na sehemu yake iko na matundu sawa mukate. Jiwe kavu la namna hiyo linakunywa. Betoni inaonekana nzuri wakati wa kukoroga, dakika kumi kisha imekuwa ngumu, na bido linarudi. Namna ya kujilinda ni ya zamani: kumwangia graviye maji jioni, kuiacha ichuruzike usiku, na kuitumia asubuhi ikiwa imeshiba lakini haitiririshi. Na yale mawe mepesi kabisa, yenye mutu anaweza kuponda kwa kisigino, hayana kazi ndani ya nguzo, hata kama maji yamepimwa vizuri.

Koni ya Abrams: kipimo cha dakika tano

Kujua kama betoni imepata maji mengi hakuombi kungojea mwezi. Kuna chombo kinachoitwa koni ya Abrams: kibati chenye sura ya ndoo iliyogeuzwa, urefu santimetre 30, chini santimetre 20, juu santimetre 10. Unakijaza betoni mara tatu, kila mara unachoma mara 25 na chuma laini cha milimetre 16. Unainua koni polepole na kupima betoni imeshuka santimetre ngapi.

Kwa nguzo na dale za kawaida, kushuka kwa santimetre 5 mpaka 9 mara nyingi kunatosha. Ikishuka 18 ao 20 na hakuna dawa yoyote iliyotiwa, maji yamepita. Chombo hiki fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza mutaani. Hakiombi umeme. Hakipimi nguvu yenyewe, lakini kinaonyesha kama burueti ya saa nane inafanana na ile ya saa mbili asubuhi. Shantie ya somo ao ya santre ya afya yenye haina koni, inafanya kazi kwa macho tu.

Nguvu yenye kuuawa nyuma ya kumwanga

Hata kama maji yalipimwa vizuri, kazi haijaisha. Sima inaendelea kushikana muda mrefu, na inaomba ibaki na unyevu. Unyevu wa ndani ukishuka chini ya asilimia 80 hivi, kazi inasimama. Dale iliyoachwa wazi kwenye jua la Uvira ao Kalemie inaonekana imekomaa kesho yake, kumbe imekauka tu. Kukauka na kukomaa ni vitu viwili.

Hapa kuna jambo lenye watu wanachanganya: maji ndani ya burueti ni adui yakizidi, lakini maji juu ya betoni iliyokwisha kukamata ni rafiki. Kumwangia nguzo na dale maji asubuhi na jioni, kuzifunika na magunia yaliyolowa ao na shiti la plastiki, siku saba kwa uchache, ni kazi ya bei ndogo kuliko zote za shantie. Na sima nyingi za 32,5 za eneo hili zimechanganywa na unga wa mawe ya volkano. Hizo zinakomaa polepole zaidi, basi zinaomba siku nyingi zaidi za kulowanishwa, na kofraji isitoshwe kwa haraka.

Karatasi ya laboratware inasema nini hasa

Kwa kazi kubwa, za serikali ao za mashirika, kuna hatua nyingine: kupima. Wanajaza vyombo na betoni ileile, wanaviacha vikomae, kisha wanavifinya ndani ya mashine mpaka vipasuke. Siku ya kawaida ni ya 28. Wengine wanafinya na ya 7 ili kujua mapema. Kwa sima ya kawaida, siku ya 7 betoni imepata karibu mbili ya tatu ya nguvu ya siku 28. Laboratware ya kitaifa ya kazi za umma, LNTP, yenye kuwa ndani ya Office des Routes, ndiyo yenye jukumu hilo kwa upande wa serikali, pamoja na laboratware zingine za kipekee na za universite.

Mwishoni inatoka karatasi yenye muhuri na namba. Hapo watu wengi wanafunga mabishano: "Laboratware imesema 30." Lakini namba hiyo ni ya kile chombo, katika hali ile iliyopimwa. Hali ikibadilika, namba inabadilika, hata kama betoni ni ileile.

Kwanza, sura ya chombo. Congo inafuata mazoea ya Ufaransa: silinda ya santimetre 16 kwa 32. Ili silinda hiyo ifikishe megapaskali 25, mashine inapaswa kuibonyeza kwa uzito wa karibu tani 51. Inchi za jirani zenye kufuata Uingereza, sawa Uganda, Kenya na Tanzania, zimezoea kibe ya santimetre 15. Kibe ni fupi. Bamba za mashine zinaishika juu na chini, zinaizuia kufunguka pembeni, basi inavumilia zaidi. Betoni moja ikitoa 25 kwa silinda, itatoa karibu 30 kwa kibe. Ndiyo maana katika vitabu unaona C25/30: namba mbili, betoni moja. Mutu akileta 30 ya kibe na mupango uliomba 30 ya silinda, amepungukiwa karibu 5 na muhuri uko juu.

Pili, unyevu siku ya kufinya. Kanuni inaomba chombo kikae ndani ya maji ya digri 20 hivi na kifinywe kikiwa bado kimelowa. Ukikitosha, ukakiacha kikauke siku chache mbele ya kukifinya, namba inapanda, pengine asilimia 10 na zaidi, bila betoni kuwa bora. Lakini ukikiacha kikauke tangu siku ya kwanza, kwenye jua la shantie, namba inashuka juu sima haikukomaa. Tendo moja, kukausha, linadanganya pande mbili kufuatana na siku yenye lilifanywa.

Tatu, mwendo wa mashine. Kanuni za Ulaya zinaomba karibu megapaskali 0,6 kwa segonde, ni kusema silinda nzuri ya 25 inachukua karibu segonde 40 mbele ya kupasuka. Ukiipiga kwa haraka, inaonekana na nguvu zaidi kuliko iliyo nayo. Ukienda polepole sana, inaonekana zaifu.

Nne, uso wa silinda. Kama juu si sawa kabisa, uzito wote unakaa kwenye vidundu vichache, na silinda nzuri inapasuka mapema. Ndiyo sababu wanaisawazisha na salfa ao wanaisugua kwa mashine.

Tano, safari. Chombo kinapaswa kukaa bila kusukumwa siku yake ya kwanza. Silinda ya masaa matano iliyofungwa nyuma ya moto na kupita barabara yenye mashimo imeumia mbele ya mutu kuipima. Ikitoa namba ndogo, antreprenere atasema laboratware inamuonea, na siku hiyo anaweza kuwa na haki.

Silinda ya maonyesho

Kuna jambo moja lenye halitengenezwi na mashine yoyote. Nani alijaza silinda, na kwa burueti gani? Kama antreprenere mwenyewe ndiye anajaza, mwenyewe anachunga na mwenyewe anapeleka, hakuna kitu kinamuzuia kukoroga burueti moja ya pekee, na sima ya kutosha na maji kidogo, kwa ajili ya silinda tu. Karatasi itakuwa ya kweli, na nguzo itakuwa ya uongo.

Kwa hiyo nguvu ya kipimo haianzie laboratware. Inaanzia kwenye shantie, siku ya kumwanga, na macho ya mutu ambaye pesa yake haitoki kwa antreprenere. Silinda zinapaswa kujazwa na betoni iliyokuwa inaenda ndani ya nguzo, zikiandikwa tarehe, saa na jina la nguzo ao dale, na angalau tatu kwa kila umri. Silinda moja haisemi kitu: inaweza kuwa ya bahati, inaweza kuwa ya mukosi.

Na kama nyumba imekwisha kusimama na mashaka yameingia? Kuna nyundo ya kupima, ile ya skleromeetre, yenye kugonga uso na kuangalia namna inaruka. Ni ya haraka, lakini inasoma ngozi tu: uso uliolowa unashusha namba, na uso uliozeeka kwa hewa unaipandisha. Njia ya nguvu zaidi ni kutoboa na kutosha kipande cha betoni yenyewe, karoti kama wanavyosema, na kukifinya. Kipande cha namna hiyo kwa kawaida kinatoa namba ndogo kuliko silinda ya laboratware, na kanuni za Ulaya zinajua hivyo: zinakubali asilimia 85. Kukataa jengo kwa sababu karoti yake imetoa 22 pahali pa 25 ni haraka; kulikubali likitoa 12 ni hatari.

Nani anajibu?

Ruhusa ya kujenga inaangalia mipango. OCC inapima mizigo yenye kuingia inchini, sima nayo. Lakini kati ya mupaka na nguzo kuna njia ndefu: depo yenye kuvuja, mufuko uliolala chini na kufanya mabonge, mufuko uliofunguliwa na kupunguzwa, na mwishoni bido. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo yenye kuharibu mara nyingi, na ndiyo yenye haina mulinzi.

Sheria ipo. Code civil ya Congo, kitabu cha tatu, inaweka juu ya mujenzi na mwenye kuchora mupango jukumu la miaka 10 kama jengo linaanguka kwa kosa la ujenzi ao hata la udongo. Lakini kesi ya namna hiyo inaomba ushuhuda: daftari ya shantie, tarehe ya kumwanga, hesabu ya mifuko na ya maji, namba za silinda na hali zilizopimwa. Nyumba nyingi za mitaa zinajengwa kwa mapatano ya mudomo. Ikianguka, kinachobaki ni mavumbi na mabishano ya bendera ya sima.

Ni kweli pia kwamba betoni si yote. Nyumba inaweza kuanguka juu ya mulima kuteleza, juu ya musingi mufupi, juu ya vyuma vidogo ao vilivyofungwa mbali mbali. Nguzo ya megapaskali 34 haizuii mulima kushuka. Lakini hayo mengine yanaomba pesa na mamlaka. Maji ya burueti yanaomba bido yenye alama na mutu wa kulichunga.

Mwenye kujenga nyumba yake, muzazi wa komite ya somo, chefu wa avenue anayeona dale ya soko ikimwangwa, kila mumoja anaweza kuuliza maswali haya bila kuwa injinia:

- Sima ni ya 32,5 ao 42,5, na mufuko umekaa depo muda gani?
- Kwa mufuko mumoja mnatia litre ngapi, na leo muchanga umelowa namna gani?
- Koni iko wapi, na imeshuka santimetre ngapi?
- Nani amejaza silinda, na ni za nguzo gani?
- Karatasi inasema silinda ao kibe? Umri wa siku ngapi? Ilifinywa ikiwa imelowa ao kavu?
- Nani atamwangia maji dale hii kesho, kesho kutwa, mpaka siku ya saba?

Antreprenere mwenye kazi safi hatakasirika, kwa sababu majibu yako ndani ya daftari yake. Yule mwenye kujibu "Mwachie fundi kazi yake" amekwisha kujibu. Na wakati anajibu, bido la pili linainuliwa.